Miche Ipo, Changia Maji

Kundi letu la WhatsApp la waliohitimu mwaka mmoja lina watu themanini na kitu, na kwa kawaida lina kazi mbili: misiba na harusi. Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu akaleta kazi ya tatu. Chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam, ambacho nitakihifadhi jina, kilikuwa kinatafuta wafadhili wa miti 400. Tukachanga, na ndani ya wiki mbili hela ikatimia. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulifika na fulana za kijani, maturubai, spika mbili na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili na nusu. Kila mmoja wetu alipigwa picha akiwa amepakata mche kama mama wa ubatizo. Mwezi wa kumi nikapita pale kwa shughuli zangu. Nilihesabu miche 27 iliyo hai, na miwili ambayo ningehitaji daktari aniambie. Vijiti vya kuegemezea vilikuwa vizima vyote.

Hakuna aliyekula hela. Risiti nilizipitia mwenyewe: miche ilinunuliwa, mashimo yalichimbwa, samadi ilitiwa. Kilichotuangusha ni kalenda. Masika ya Dar es Salaam huisha mwezi wa tano. Juni inapoingia kipupwe kimeshaanza, upepo wa kusi unapiga na ardhi inakauka. Mvua ya maana husubiri vuli, Oktoba au baada yake. Wakati huohuo wanafunzi wako kwenye mitihani ya muhula wa pili, na baada ya hapo wanafunga mabegi kwenda likizo ndefu. Kwa hiyo mche uliopandwa Siku ya Mazingira unaachwa peke yake miezi minne, bila mvua na bila mtu, ukiwa na mizizi isiyozidi urefu wa kiganja. Sisi tulikuwa tumechangia sherehe ya kuuaga.

Baada ya hapo nimekaa kwenye kamati tatu za namna hii, moja nikiwa mweka hazina, na watu huniuliza wafanyeje wakitaka kuchangia mambo ya mazingira kwenye vyuo walivyosoma. Huwa naanza na swali: kitu hicho kitakuwa mikononi mwa nani mwezi wa nane? Mwombaji akilijibu kwa kumtaja mtu na mahali utakapotoka ujira wake, toa. Akianza kukueleza umuhimu wa mazingira kwa vizazi vijavyo, funga pochi kwanza.

Tuanze na miti, maana ndiyo inayopendwa kuchangiwa. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiwa bado anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, mpango wake ulikuja kuwalipa kina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Hela ilifuata uhai wa mche. Sisi tulilipa siku ya kuchimba shimo, tukaondoka. Ukiandikiana na chuo, igawe hela yako: sehemu itoke wakati wa kupanda, na sehemu kubwa zaidi itoke kidogokidogo kuanzia Juni kwa ajili ya maji, palizi na mtu wa kuifanya kazi hiyo. Halafu mwende mkahesabu kabla vuli haijaanza. Vuli ikishanyesha kila kitu kinachipua, magugu yakiwemo, na ripoti inapendeza bila sababu.

Hesabu ya maji ipigwe kabla ya hesabu ya miche. Mche mmoja ukipewa lita kumi mara mbili kwa wiki, miche 60 inakunywa lita 1,200 kwa wiki. Kwa wiki 17 za ukame ni lita 20,400, yaani simtanki la lita 5,000 lijazwe mara nne na kidogo. Hilo linabebeka. Miche 400 kwa kipimo hichohicho inataka lita 136,000, na hapo hata chuo chenye kisima chake kitakuuliza umeme wa pampu analipa nani. Ndiyo maana siku hizi nikisikia kamati inataja mamia ya miche, namwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema.

Aina ya mti nayo usimwachie muuza miche wa barabarani, atakupa alichonacho. Mkaratusi hukua haraka na hupendeza kwenye ripoti ya mwaka wa pili, ila ni mnywaji. Mwarobaini huvumilia ukame vizuri, lakini huku pwani umeshajisambaza wenyewe na hauhitaji mfadhili. Mkangazi na mkwaju hutoa kivuli cha kukalia. Mpingo una heshima yake, ila aupandaye ajue anampandia mjukuu. Vyuo vingi vina wataalamu wa mimea wanaoujua udongo wa pale kwao, na kuwauliza ni bure. Sijaelewa mpaka leo kwa nini kamati hutafuta mgeni rasmi kabla ya kumtafuta mtaalamu wa mimea.

Ukiwa na bahati, mtaalamu huyo atakupeleka kwa mtu muhimu kuliko wote, msimamizi wa viwanja na majengo ya chuo. Kwenye vyuo vingine ofisi yake huitwa Milki. Klabu ya mazingira ya wanafunzi ndiyo yenye moto, na mara nyingi ndiyo itakayokuandikia barua ya kuomba mchango. Lakini mwenyekiti wa klabu anahitimu, katibu anahitimu, na baada ya miaka mitatu namba ya simu iliyokuwa kwenye barua ile inapokelewa na fundi pikipiki wa Mbeya asiyekujua. Milki inabaki. Ndiyo yenye funguo za chumba cha pampu, ndiyo inayojua bomba lipi limepita wapi, na ndiyo itakayoambiwa siku moja pale penye miti yenu pajengwe maegesho. Barua ya makubaliano iwe na sahihi yao pamoja na ya klabu, na eneo lichorwe kwenye ramani yao. Nimeona kitalu kizima kikifukiwa na kifusi cha ujenzi. Mkandarasi hakuwa na ubaya. Ramani aliyopewa ilionyesha kiwanja kitupu.

Baada ya miti, wafadhili hupenda mapipa matatu ya rangi: la plastiki, la karatasi, la mabaki ya chakula. Yanapigwa picha vizuri na yana nafasi ya kubandika jina la kampuni. Kabla hujayanunua, nenda chuoni asubuhi lori la taka linapopita, ukae ulitazame. Kwenye chuo kimoja niliwaona wanafunzi wakitenganisha taka kwa uaminifu wa ajabu, chupa huku, maganda kule, na kesho yake saa moja asubuhi vijana wawili wakayamwaga mapipa yote matatu ndani ya lori moja. Walikuwa na lori moja. Ungewaambia wafanye nini? Tulipoulizia tukagundua kwamba kazi ya kutenganisha ilikuwa inafanywa na kina mama wawili waliookota chupa kwa magunia na kuziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki. Hawakuwa na kitambulisho, na walinzi waliwafukuza kila walipowaona.

Mchango uliofanya kazi pale ulikuwa barua ya kuwaruhusu kuingia, glavu, mabuti, mizani, na kibanda chenye kufuli cha kuhifadhia magunia. Gharama yake ilikuwa chini ya bei ya mapipa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo chupa ndizo zinazotutoa jasho sasa, na chupa tayari zina soko. Anayechangia ajishughulishe na njia ya kuzifikisha huko.

Jikoni hakuna anayetaka kupigwa picha, na ndiko mchango mmoja huweza kubadilisha mengi. Kafeteria inayopikia mamia ya wanafunzi kwa kuni hula lori baada ya lori. Serikali imeshaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Vyuo lazima vihame, na kuhama kuna gharama za mwanzo: majiko, mabomba, masufuria yanayolingana nayo, mafunzo ya wapishi. Mtihani mkubwa ni maharage. Mpishi ataipokea gesi kwa wali na chai, akifika kwenye maharage anarudi nyuma ya jengo kuwasha kuni, kwa sababu maharage huchemka saa nyingi na anaona mtungi unaisha mbele ya macho yake. Ukichangia majiko ya gesi, changia na presha kuka kubwa, na kaa na mpishi mkubaliane kuloweka maharage usiku. Bila hivyo utakuta jiko jipya limefunikwa kanga, linatunzwa kwa ajili ya wageni.

Mtambo wa gesi itokanayo na samadi na mabaki ya chakula nao huombewa sana michango. Unafanya kazi, ila una tumbo: unataka kulishwa kila siku. Wanafunzi wakiondoka, mabaki yanakoma na gesi inafifia. Mwezi wa nane tena. Chuo cha kilimo chenye ng'ombe zizini kinaweza kuulisha mwaka mzima. Chuo cha biashara katikati ya mji kijifikirie mara mbili.

Maji ya mvua yana hesabu rahisi ambayo watu hawaipigi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 400 za mraba likipata milimita 20 usiku mmoja wa masika, ni lita 8,000 kabla ya kutoa zinazopotea, na paa la jumba la mihadhara huzidi hapo. Lakini tanki bila gata nzuri, bila wavu, na bila bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha kunguru ni kitalu cha mbu, na Dar kunguru hatujapungukiwa. Kuna na mchango mwingine wa maji usio na utepe wa kukata: bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hivi kwa siku. Tembea mabweni mawili uhesabu mabomba ya namna hiyo. Boksi la raba na siku tatu za fundi hurudisha maji mengi kuliko kisima kipya ambacho watu wamekizungumzia miaka mitano.

Sola nitaipita haraka. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kina paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake, lakini ule ulikuwa uwekezaji wa mkopo, na kazi ya ukubwa huo haifanywi kwa michango ya kundi la simu. Sisi wa laki na milioni tunaweza kubadilisha taa za bweni moja ziwe za LED na kulifungia mita yake peke yake, ili ijulikane linatumia nini. Leo hita za kuchemshia maji ya kuoga na majiko ya koili yaliyofichwa chini ya vitanda yanajificha vilevile ndani ya bili ya chuo kizima. Na ukiletewa ombi la sola ndogo, ulizia betri. Paneli hukaa miaka 20 na zaidi. Betri za kawaida za asidi hufa ndani ya miaka michache, na mnunuzi wa zile za pili aandikwe leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningelianza nalo kama wasomaji wangenivumilia. Watu wa pwani walikuwa na jina lake muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuja: wakfu. Mtu aliweka kisima, nyumba au shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti. Minazi haiuzwi, nazi zinauzwa, na hela ya nazi inanunua mafuta ya taa na mikeka. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Mradi wa mazingira unataka akili ileile, kwa kuwa kumwagilia hakuna siku ya mwisho.

Chukua milioni 20. Ukizimwaga kwenye miche unapata sherehe kubwa sana. Ukizinunulia hatifungani za Serikali za muda mrefu, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada na mtu anaweza kuanzia milioni moja, kwa riba ya asilimia 12 utapata milioni 2.4 kila mwaka, na milioni 20 zako zipo. Riba hubadilika kutoka toleo hadi toleo, na bei za vitu hupanda, kwa hiyo tuseme laki nne zirudi kwenye mtaji kila mwaka. Milioni mbili zinazobaki, kwa miezi minne ya ukame, ni laki tano kwa mwezi. Hapo una mtu, una maji, una mpira wa akiba. Mfuko ushikwe na chuo chenyewe kama kina utaratibu wa mifuko ya wakfu na ukaguzi wake. La sivyo, na umoja wa wahitimu uliosajiliwa. Mtu mmoja asiushike, hata awe mwaminifu kama nani. Watu hufa, na ndugu zake hawatajua kwamba zile milioni ishirini ni za miti.

Mchango wa aina hii uliodumu kuliko yote ninayoifahamu hapa kwetu haukuwa hata hela. Mwaka 1968 familia ya Tanner, Waswisi waliokuwa na shamba la chai Usambara Magharibi, iliukabidhi msitu wake wa Mazumbai, hekta zipatazo 320, kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kilipogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, msitu ukawa chini ya chuo hicho, na wanafunzi wa misitu wanaendelea kwenda kule kujifunza. Familia ile ilitoa miti iliyokuwa imesimama tayari, pamoja na sababu ya kuiacha isimame. Vyuo vyetu vingi bado vina kipande cha pori ndani ya mipaka yake, kama vile vichaka vya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyenye tumbili wanaopora vitafunwa vya wanafunzi. Kuchangia alama za mpaka, njia ya kuzuia moto na mlinzi wa pori kama hilo kunaweza kuokoa miti mingi kuliko utakayopanda kando ya uwanja wa mpira. Sijawahi kualikwa kwenye uzinduzi wa njia ya moto, na ningekwenda.

Kuhusu kukusanya hela sina la kumfundisha Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Kadi za ahadi, mweka hazina mkali, orodha inayowekwa kundini kila Ijumaa ili asiyelipa ajione: mashine hiyo tunayo. Nirekebishe mawili tu. Ahadi ya harusi ina tarehe yake, hii haina, hivyo muiwekee: mwisho wa Januari, ili mashimo yawe tayari Februari na mche uingie ardhini masika inapoanza Machi. La pili, hela isilale kwenye simu ya mweka hazina. Vyuo vya umma hupokea malipo kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroo namba. Ombeni itolewe kwa jina la mradi wenu, na risiti iandike hivyohivyo. Ikiandikwa "mchango" na kuishia hapo, itaingia kwenye mfuko mkuu, na mfuko mkuu una njaa zake.

Wenye biashara wajue pia kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambulika itolewe kwenye hesabu ya mapato, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara, na kwamba michango kupitia Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania imetajwa kwenye kifungu hichohicho. Muone mhasibu wako kabla ya kutoa. Ukimwendea Juni na risiti ya Machi iliyoandikwa jina la mjumbe wa kamati, hatakuwa na la kukusaidia.

Mwenzetu mmoja aliyeko Muscat, ambaye hutuma mchango wake kabla ya sisi tulioko Kinondoni, ana sharti lake: hataki picha ya siku ya kupanda. Anataka picha ya tarehe 20 Agosti, ipigwe kutoka palepale, kila mwaka. Mradi wetu wa pili, kwenye chuo kingine, una miche 60 iliyopandwa Machi, na anayemwagilia ni mzee mmoja mtunza bustani wa siku nyingi ambaye tunamlipa Juni hadi Septemba. Picha ya mwaka jana ilionyesha miche 54, mbuzi mmoja asiyehusika, na mpira wa maji uliokatwa kipande cha mita tatu hivi. Kipande hicho, mzee alituambia, kilionekana kwenye bweni la waliobaki likizo, kimefungwa dirisha kwa dirisha, kimeanikiwa nguo. Tumetuma hela ya mpira mpya, na ya kamba.